Kuhama Nissan Leaf kwenda haibridi ya kuchaji (PHEV): mizunguko ya Tanga mjini na safari za Lushoto

Volti_Chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaoyajua haya magari kwa ndani.

Gari lililopo ni Nissan Leaf ya 2013, betri ya uniti 24 (kWh), mistari ya afya imebaki 8 kati ya 12. Mzunguko wa kila siku ni kilomita 25 hadi 30: Chumbageni, Ngamiani, Kange na kurudi. Hapo gari halina neno. Shida ni Lushoto mara mbili kwa mwezi, kama kilomita 170 kwenda, wakati chaji kamili sasa inaishia kilomita 90 hivi AC ikiwa imewashwa.

Ninaowaza ni Outlander PHEV ya 2014 hadi 2016, au Prius PHV ya 2017. Nataka kujua nikague nini kabla ya kulipa, gharama kwa kilomita zikoje, na kama soketi ninayochajia Leaf inatosha. Watu 4, wakati mwingine 5, na mizigo.

---

Fundi_Makorora

Mkuu, ukihama kwenda PHEV unaacha mfumo mmoja na kuchukua miwili. Utakuwa na betri kubwa, inveta na mota, halafu juu yake injini, oili, plagi, rejeta na tangi. Faida inakuja ikiwa betri bado ina nguvu na unaichaji kila siku. Betri ikiwa imekufa, umenunua gari la petroli lililobeba mzigo wa karibu kilo 200 usio na kazi.

Outlander ya miaka hiyo ina betri ya uniti 12, seli 80 zilizofungwa mfululizo, volti 300. Haitumii zote. Karibu theluthi ya chini hubaki kama akiba, hivyo betri mpya hukupa uniti 8.5 hivi. Kwa kilomita 5 kwa uniti, hiyo ni kilomita 40 na kidogo. Kwa joto la Tanga na AC, hesabu 35.

Kukagua: nunua kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) cha Bluetooth, kichomeke chini ya usukani, weka PHEV Watchdog kwenye simu. Angalia namba ya Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachoweza kubeba). Mpya husoma 38. Ikiwa 32 au zaidi, betri ni nzuri kwa umri wake. Kati ya 28 na 32, shusha bei. Chini ya 27, achana nayo hata kama bodi inang'aa.

Usiishie hapo. Ah ni makadirio ya kompyuta ya betri, na yanaweza kupotoka. Fungua ukurasa wa seli, linganisha volti ya seli ya juu na ya chini gari likiwa limetulia. Tofauti ya 0.01 au 0.02 ni kawaida. Ikizidi 0.05 kuna seli inayovuta wenzake chini, na gari zima hufuata ile dhaifu. Kisha pima barabarani: chaji hadi ijae, weka kihesabu cha safari kwenye sifuri, zima AC, nenda taratibu kuelekea Pongwe mpaka injini iwake yenyewe. Ikiwaka kabla ya kilomita 25, betri imechoka, haijalishi apu inasema nini.

Injini nayo ina kasoro yake ya pekee: huharibika kwa kukaa. Inawaka dakika 3, inazima kabla haijapata moto, na unyevunyevu unabaki ndani. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando mweupe mzito kama maziwa ya mgando, jua gari lilikuwa linaendeshwa safari fupi tu. Ukiwa ni mwembamba na kulanti (maji ya kupoza injini) haijapungua, badilisha oili kisha liendeshe likiwa na moto kamili. Kulanti ikipungua, hiyo ni habari nyingine, usinunue.

Ukishalichukua, mara moja kwa wiki bonyeza CHRG (kitufe kinachoifanya injini ichaji betri) ukiwa barabara kuu na uache injini ifanye kazi dakika 20. Oili 0W-20 ibadilishwe kila mwaka hata kama kilomita hazijafika. Mafuta ya zamani kwenye tangi nayo ni tatizo: usipotia petroli mpya kwa karibu miezi 3, gari litawasha injini lenyewe ili kuyatumia, na watu hudhani limeharibika.

Jambo la mwisho, breki. Gari linalojichaji likipunguza mwendo halitumii pedi sana, na kwa hewa ya chumvi ya hapa pini za kalipa hukamata. Vua matairi, sukuma kalipa kwa mkono. Isipoteleza, safisha pini na upake grisi ya kalipa, siyo grisi ya kawaida.

---

Ethi_Kwanza

Naongelea soketi peke yake, kwa sababu hapa ndipo nyumba huungua.

Outlander huvuta hadi ampea 15 au 16 kwa saa 4 mfululizo. Soketi ya ukutani ya pini tatu bapa ni ya ampea 13, na haikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo usiku mzima. Dalili zake: plagi inakuwa ya moto, kisha plastiki karibu na pini ya laini inageuka kahawia, kisha harufu. Ukiona kahawia, usiendelee hata siku moja.

Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu. Waya wa mm² 4 ukiwa mbali, mm² 2.5 ukiwa karibu. Sakiti breka ya ampea 20, RCD (kinga inayokata umeme ukivuja) ya mA 30 aina ya A, na mwishoni soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16 yenye kifuniko. Iwekwe kivulini, isipigwe na mvua ya masika.

Waya wa kuchajia unaokuja na gari kutoka Japani umeandikwa volti 200. Umeme wetu ni 230, na usiku wa manane unaweza kupanda. Tafuta waya ulioandikwa 230 au 240, kichwa cha Type 1 (kinachoingia kwenye tundu la gari hili), wenye kitufe cha kuchagua ampea kati ya 6 na 16. Ukiuweka 10, betri tupu inajaa kwa saa 4 hadi 5, na kila kitu kinabaki baridi. Kwa mtu anayelala nyumbani hakuna haja ya zaidi.

Kabla ya yote pima ethi (waya wa ardhini). Laini na nyutro 230, laini na ethi 230, nyutro na ethi isizidi volti chache. Laini na ethi ikisoma 90 au 120, ethi yako inaelea, na kisanduku kilicho kwenye waya wa kuchajia kitakataa kwa taa nyekundu. Msikatae kukisikiliza. Kuna mafundi wanaunganisha nyutro na ethi ndani ya plagi ili kukidanganya. Siku nyutro ikikatika nje, bodi nzima ya gari inakuwa na volti 230, na mtoto akigusa mlango ndio basi. Pale penye mwamba wa matumbawe, ambapo fimbo moja ya ethi haizami, piga mbili zilizoachana zaidi ya urefu wa fimbo, uziunganishe kwa waya wa shaba.

---

Kona_ya_Soni

Mkuu Volti, nikupe Lushoto.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na unapanda karibu mita 1,000. Outlander na abiria ni kilo 2,100 hivi. Kuinua uzito huo kunakula karibu uniti 5.7, na msuguano wa matairi unaongeza 2 na kidogo. Ukiweka upotevu wa mota na inveta unafika uniti 9 hivi. Yaani mlima peke yake unakula zaidi ya zile uniti 8.5 ambazo betri hutoa, hata ikiwa mpya.

Kwa hiyo usiimalize chaji kwenye tambarare. Toka Tanga kwa umeme hadi upite Kange, kisha bonyeza SAVE (kitufe cha kutunza chaji iliyobaki). Pale mwendo ukiwa 80, injini hushika magurudumu moja kwa moja kupitia klachi yake, na hapo ndipo ina uchumi. Kilomita 12 hadi 14 kwa lita ni jambo la kawaida. Ukifika Mombo toa SAVE, panda kwa betri. Kwenye kona mwendo ni mdogo, injini haiwezi kushika magurudumu, inageuka jenereta tu na kupiga kelele bila faida kubwa. Betri yenye 30 Ah itakufikisha kama theluthi mbili za mlima, sehemu iliyobaki injini itamalizia.

Kushuka ndiko watu hukosea. Wanachaji Lushoto usiku hadi 100, asubuhi wanashuka. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, gari halijizuii, mzigo wote unaenda kwenye pedi, na Soni unafika breki zinanuka. Acha betri ikiwa na nafasi ya asilimia 30 angalau, shuka kwa B5 (ngazi ya juu kabisa ya gari kujizuia huku likijichaji) kwenye vile vibao nyuma ya usukani. Utafika Mombo umeongeza uniti 2 hivi za bure.

Jambo la baridi: kwa miezi ya Juni na Julai ukiwasha hita kule juu, Outlander isiyo na hita ya umeme itawasha injini hata betri ikiwa imejaa. Si ugonjwa.

---

Hesabu_Raskazone

Gharama, kwa uniti ya Sh 357 na petroli ya Sh 3,000 kwa hesabu rahisi (bei halisi ya Tanga itazame kwenye tangazo la EWURA la kila Jumatano ya kwanza ya mwezi). Ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, Leaf ni karibu Sh 60 kwa kilomita. Outlander kwa umeme ni Sh 82. Outlander kwa petroli ni Sh 230.

Maana yake, ukihama, mzunguko wako wa mjini unapanda bei. Kilomita 30 kwa siku ni uniti 55 hivi za ziada kwa mwezi, karibu Sh 20,000. Hilo unalilipa ili upate Lushoto.

Na usichaji kwa CHRG gari likiwa limesimama. Linafika asilimia 80 kwa dakika 40 hivi na kunywa kama lita 3. Ni Sh 9,000 kwa umeme ambao LUKU ingekupa kwa chini ya 3,000.

Kuhusu kuagiza: Outlander ya miaka unayoitaja ni cc 1,998, iko kwenye ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Toleo la baadaye la injini ya 2.4 ni cc 2,359, linaruka kwenye asilimia 10. Halafu kuna tozo ya umri: gari lililozidi miaka 8 lina asilimia 15, lililozidi 10 lina asilimia 30. Hapo Outlander ya 2014 inaweza kukugharimu bandarini kuliko unavyodhani. Pitisha kila gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela, maana bajeti ya Juni hubadilisha viwango.

---

Pongwe_Haibridi

Mbona Prius imesahaulika? PHV ya 2017 ina betri ya uniti 8.8, inakwenda kilomita 45 bila injini, na ikiisha inakupa kilomita zaidi ya 20 kwa lita. Kwa lami ya Lushoto inatosha kabisa.

Ila kuna mawili. Ni ya viti 4, nyuma katikati kuna kisanduku. Viti 5 vilikuja 2019. Na iko chini: ukitoka Lushoto kwenda Mlalo au Mtae wakati wa mvua, tumbo litasaga mawe. Pia betri yake inapozwa kwa hewa, hivyo tundu la hewa lisizibwe na mizigo, na kichujio chake kisafishwe vumbi.

---

Volti_Chumbageni

Nashukuru sana, wakuu. Kwa abiria 5 Prius imetoka. Swali moja: kuna anayenishauri nibaki na Leaf nibadilishe betri niweke ya uniti 40. Je?

---

Fundi_Makorora

Inawezekana, lakini siyo kutoa na kuweka. Betri ya 40 ni ya toleo la 2017 kuendelea, inazungumza lugha nyingine na kompyuta ya gari lako. Inahitaji kifaa cha kutafsiri mawasiliano katikati, na ni nzito kidogo zaidi. Ikikaa vizuri utapata kilomita 200 hivi kwenye tambarare. Mlima wa Mombo ukiwa mwishoni mwa safari utazila nyingi, na utafika Lushoto ukihitaji kuchaji usiku kucha kabla ya kurudi. Na nayo haina mfumo wa kuipoza, hivyo joto la pwani litaila kama lilivyoila hii ya kwanza. Betri ya Outlander hupozwa na gesi ya AC ikiwa inaendeshwa au inachajiwa. Kwa Tanga hiyo ni sababu kubwa.

Yeyote atakayefungua betri, ya Leaf au ya Outlander: azime gari, aondoe betri ya volti 12, achomoe plagi ya usalama, aiweke mfukoni mwake mwenyewe, asubiri dakika 10 kabla ya kugusa waya wa rangi ya chungwa. Fundi asiye na glavu za volti 1,000 asiruhusiwe.

---

Ethi_Kwanza

Nimesahau kitu. Likifika kutoka Japani na ukalichomeka lisichaji, usikimbilie kulaumu waya. Mara nyingi mwenye gari wa kwanza aliweka saa ya kuchaji usiku, na bado imo kwenye kumbukumbu kwa saa za Japani. Tazama taa ya chaji kwenye dashibodi: ikiwaka kidogo kisha ikazima, ni saa hiyo. Ingia kwenye skrini ya Kijapani ukiwa na simu inayotafsiri kwa kamera, futa ratiba zote, chomoa, chomeka tena.