Kliniki ya meno Usa River: nichukue mkopo wa benki au nianze na nilichonacho?

MwanaMeru_Meno
Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni daktari wa meno, nimesoma Muhimbili, sasa hivi nina mwaka wa sita hospitali ya serikali na nimeamua kufungua kliniki yangu Usa River. Kila wiki napokea watu wa kule wanakuja Arusha mjini kung'oa jino, unakuta mama kapanda daladala shavu limevimba, akifika foleni imejaa anaambiwa rudi kesho. Hiyo kitu inaniuma sana.

Nina akiba ya milioni 38. Benki wako tayari kunipa milioni 60 kwa miaka mitatu, dhamana ni hati ya nyumba ya mzee wangu na mzee mwenyewe kakubali. Mpango ni viti viwili, eksirei, otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa), kompresa ya hewa, mapokezi yenye AC na TV mtu akiingia aone kweli kaingia kliniki. Nyumba nimeipata karibu na barabara kubwa ya Moshi, laki 7 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima. Mke wangu anasema tuanze kidogo, mimi naona nikianza kidogo watu hawataniamini. Waliopitia hii njia mniambie ukweli kabla sijasaini.

Dokta_Mstaafu
Hongera mdogo wangu, na mke wako msikilize. Mgonjwa mwenye jino linalouma hahesabu viti, anaangalia kama ganzi imeshika na kama umemsikiliza. Mimi nilianza na viwili, cha pili kilikaa na nailoni yake miezi 11, nilikuwa nakifuta vumbi kila Jumatatu huku nakilipia mkopo.

Sasa nikuambie kilichoniumiza zaidi. Nilipanga nyumba nzuri, nikalipa mwaka mzima, viti vikafika, ndio fundi ananiambia inabidi tuchimbe sakafu maana kiti cha meno kinataka bomba la maji safi, bomba la maji machafu, mpira wa hewa na umeme vyote vitokee chini ya kiti. Mwenye nyumba akakataa tailizi zake zisiguswe. Tukabembelezana wiki sita, mwisho tukanyanyua jukwaa la mbao tukapitisha mabomba chini yake, mpaka leo wazee wanajikwaa pale. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, mpeleke fundi aone sakafu, na ruhusa ya kuchimba iandikwe kwenye mkataba wa pango.

Vibali anza navyo mapema, kabla ya rangi na mapazia. Leseni yako ya Baraza la Madaktari iwe hai, jina la biashara BRELA, TIN, halafu usajili wa kituo kwenye Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, hapo utapitia kwa mganga mkuu wa halmashauri yako ya Meru na watakuja kukagua. Eksirei ni habari nyingine, lazima leseni ya TAEC, yaani Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, wataangalia chumba na kuta na wewe na msaidizi wako mvae vipima mionzi. Usinunue mashine ndio ukaanza kutafuta chumba cha kuiweka.

DadaMahesabu
Kaka, mimi nimekaa dawati la mikopo benki miaka 9 kwa hiyo nitakuongelesha kwa namba tu. Hukusema riba ni asilimia ngapi na ni ya aina gani, na hilo ndio swali la kwanza. Chukulia 16% kwa mwaka. Kama ni riba inayopungua kadiri unavyolipa, milioni 60 kwa miezi 36 utarudisha kama 2,110,000 kila mwezi, jumla karibu milioni 76. Kama ni flati, yaani wanakupigia riba kwenye milioni 60 yote mpaka mwezi wa mwisho, ni kama 2,467,000 kwa mwezi, jumla milioni 88.8. Asilimia ni ile ile 16 na tofauti ni karibu milioni 13! Omba ratiba ya marejesho iliyochapwa, ikae mkononi kabla ya kalamu.

Haya tuje kwako. Pango laki 7, msaidizi 450,000, mapokezi 350,000, umeme maji na intaneti laki 3, usafi na taka za kliniki 150,000. Hiyo ni 1,950,000 hata asipoingia mtu. Weka rejesho 2,110,000, weka na 1,200,000 ya nyumbani kwako maana watoto watakula tu, unafika 5,260,000. Sasa sema mgonjwa wa wastani analipa 40,000, ganzi glavu na vya kuzibia vikila 10,000 unabaki na 30,000. Unahitaji wagonjwa kama 175 kwa mwezi, kwa siku 26 za kazi ni karibu 7 kila siku, kuanzia mwezi wa kwanza. Bila mkopo ni 105, kama wanne kwa siku. Kliniki mpya wanne wenyewe hawaji hivi hivi tu.

Na wa bima usiwahesabu kama hela ya mwezi huu. Kwanza mpaka usajiliwe nao, pili unatibu leo unapeleka madai unasubiri. Kliniki ya ndugu yangu ilifika mahali inadai bima moja miezi minne huku glavu inakopa dukani. Wagonjwa alikuwa nao kila siku, kilichokosekana ni hela ya kupitisha hiyo miezi.

Ile hati ya mzee iache kabatini kaka.

fundi_kompresa
dokta mimi natengeneza hivi viti kanda yote ya kaskazini, kompresa chukua isiyotumia mafuta ili hewa inayoingia mdomoni kwa mtu iwe safi, na kila jioni fungua koki ya chini utoe maji la sivyo tenki linaoza kutu kwa ndani. otoklevu usiiwekee maji ya bomba kabisa, maji ya huku yana chumvi nyingi, juzi nimefungua moja ina miezi 7 tu ndani kumeganda ukoko mweupe kama birika la zamani, nunua maji yaliyokenekwa (distilled) au mashine ndogo ya kukenekea. kiti kabla hujalipa muulize muuzaji spea ziko wapi na nani atakuja kikizima, mtumba wa Ulaya unapendeza ila ukikosa saketi moja kinageuka sofa. na weka stabilaiza.

Mkazi_MajiYaChai
Karibu sana daktari, tunakusubiri. Ombi langu bei zibandikwe ukutani, mtu ajue kung'oa ni ngapi kuziba ni ngapi, wengi hatuji kwa kuogopa kuaibika kwenye bei. Halafu watoto wetu na haya meno ya kahawia, binti yangu yuko kidato cha pili, akicheka anaziba mdomo na mkono. Yanasafishika?

MwanaMeru_Meno
Mama yangu, kahawia ile sio uchafu, ni floraidi ya maji ya huku imeingia kwenye jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi, kwa hiyo mswaki hauitoi. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na maji mengi ya Meru yanapita hapo. Ya binti yanatibika, yakiwa mepesi tunakwangua juu kidogo, yakiwa mazito tunafunika na dawa ya kuzibia ya rangi ya jino. Wadogo zake wapewe maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, wale wa kituo cha Ngurdoto wana utaalamu huo miaka mingi. Tafadhali usimkataze kucheka.

Wakuu asanteni mno, jana usiku nimekaa na mke wangu tumepiga upya. Kiti kimoja 9M, otoklevu 4.5M, kompresa 2M, vifaa vya mkono na dawa 4M, ukarabati 3.5M, vibali nimetenga 1M, pango nitaomba miezi 6 ambayo ni 4.2M. Jumla 28.2M. Inabaki 9.8M, na mishahara na umeme vya miezi 6 ni 7.5M. Mke ni mwalimu, mshahara wake utabeba nyumba mpaka tusimame. Eksirei baadaye, kwa sasa wa picha nitawaandikia waende mjini. AC nimefuta.

Fundi niandikie inbox, Jumamosi twende wote tukaone ile sakafu kabla sijaongea na mwenye nyumba.