Mjadala: Elsa Maxwell alikuwa kupe wa matajiri au alikula jasho lake?

Juzi nimebishana na rafiki yangu kuhusu Elsa Maxwell hadi chai ikapoa. Yeye anasema mama yule alikuwa kupe: alikula na kulala kwa watu miaka nenda rudi, kisha akawaanika magazetini. Mimi nasema kupe hafanyi kazi. Ubishi wenyewe nauleta hapa, mtuamue.

Kwa asiyemjua, huyu ni Mmarekani, mwandaaji wa sherehe za matajiri na mwandishi wa safu ya umbea magazetini, mzaliwa wa Keokuk, Iowa. Alianza kwa kupiga piano kwenye kumbi za burudani. Mali hakuwa nayo, uzuri hakuwa nao (alijitania mwenyewe kwa hilo), lakini kuanzia miaka ya 1920 hadi alipofariki 1963, kwa matajiri wa Paris, Venice na New York sherehe bila Elsa haikunoga. Ndiye aliyevumisha ule mchezo wa wageni kupewa orodha ya vitu vya ajabu na kutawanyika mjini usiku kuvisaka. Mwaka 1927 huko Paris aliwataka watu waje vilevile walivyokuwa mwaliko ulipowakuta, na inasimuliwa kuwa kuna aliyefika na povu la kunyolea usoni. Hoteli mpya ya Waldorf-Astoria ilipofunguliwa New York mwaka 1931, uchumi ukiwa hoi, ilimpa makazi bure ili awavute wenye fedha. Sasa huo ni ukupe? Huo ni udalali, na dalali ana haki ya chake.

Wageni nao tusiwalilie sana. Anayejipamba kwa almasi akaenda kwa mwandishi wa umbea anajua kesho atasomwa. Nashuku walionuna zaidi ni wale ambao hawakutajwa.

Ila rafiki yangu akanitolea habari ya Maria Callas, mwimbaji maarufu wa opera, na hapo nikameza mate. Mwanzoni Elsa alimponda Callas, kwa kuwa Elsa alikuwa upande wa mwimbaji mpinzani wa Callas, Renata Tebaldi. Wakaja kupatana, wakawa marafiki. Mwaka 1957 Callas alikuwa Edinburgh na kundi la La Scala, jumba la opera la Milan. Alikubali maonyesho manne, wakaongeza la tano bila ridhaa yake, naye akaondoka, mwimbaji mwingine, Renata Scotto, akaimba badala yake. Kumbe Venice Elsa alikuwa amemwandalia karamu, ileile iliyomkutanisha Callas na Aristotle Onassis, tajiri wa meli Mgiriki, ilhali wote wawili walikuwa na ndoa zao. Mabibi na mabwana, badala ya kunyamaza, Elsa akajigamba kwenye safu yake kwamba Callas ameacha onyesho kwa ajili ya rafiki! Magazeti yakamrarua Callas kama mtoro, na utetezi wa mkataba wa maonyesho manne ukakosa masikio.

Mnaona ajabu yake? Wakati wa kupondwa Callas hakudhurika kiasi hicho. Kilichomponza ni kusifiwa, na sifa zenyewe Elsa alikuwa akijipakulia yeye. Ndiyo maana bado sikubali neno kupe, lakini siwezi tena kusema alikuwa dalali tu: dalali anayetangaza siri ya mteja ili aonekane mkubwa amekiuka kazi yake.

Rafiki yangu anasema nimeshindwa, nimebadilisha tu jina la kosa. Mnaomtetea Elsa, hili la Edinburgh mnalijibuje?