Ameacha pombe wiki ya tatu, msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi) ndio unaanza na maombi yamekauka. Tumsaidieje?

Mlongo_wa_Kilolo:
Kamwene wapendwa, Bwana asifiwe. Jumuiya yetu ina kijana aliyeacha pombe, hii ni wiki ya tatu. Alianza na ulanzi akaishia kwenye gongo, ile pombe kali ya kienyeji. Mwanzoni alikuwa wa moto: ibada zote, kwaya, mikesha. Sasa halali, hasali, anasema Mungu hamsikii. Mvua zimeshika na kila njia ya shambani inapita kwenye kilabu. Wazee wengine wanataka afunge kavu siku 3 apate nguvu, wengine wanataka asimame Jumapili atoe ushuhuda. Naomba ushauri wa vitendo. "Tumwombee" tumeshaambiwa sana.

Nesi_Mafinga:
Bwana asifiwe. Kufunga kavu hapana, tena hapana kabisa kwa mwili uliotoka kwenye gongo juzi. Mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa vitamini B1 na mlo wake ni mbovu. Ukimnyima chakula na maji siku 3, sukari inashuka, mikono inatetemeka, hasira zinapanda, na ubongo unakumbuka dawa moja tu ya hali hiyo. Kama anataka kufunga, afunge kitu kingine: simu, au kupita kilabuni. Ale mara tatu kwa siku, maharage na mayai yasikosekane.

Hiyo hali ya wiki ya tatu inajulikana. Usingizi mbovu na moyo mzito vinaweza kuendelea wiki kadhaa, hata miezi, kwa sababu ubongo bado unajirekebisha. Mtu aliyeokoka akiisikia anadhani Roho Mtakatifu ameondoka. Mwambieni wazi kwamba ni mwili. Mikesha aiache kwanza, alale na kuamka saa zilezile kila siku. Akianza kusema afadhali afe, msisubiri ibada, ni hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa atakayefuata: anayekunywa kila siku asiachishwe ghafla akiwa amefungiwa chumba cha maombi. Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huja ndani ya siku 2 za mwanzo, na kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Hapo watu hukemea pepo usiku kucha, kumbe mgonjwa anahitaji diazepamu na dripu, na anaweza kufa.

Mzee_wa_Kanisa_Mbeya:
Nesi amemaliza upande wa mwili, ndaga fijo (asante sana). Kwenye imani, kosa kubwa ni kumfanya aitegemee hisia. Wiki ya kwanza hisia zilimbeba, sasa zimeondoka na hana kingine cha kushika. Mpeni ratiba ndogo isiyohitaji hamu: dakika 10 asubuhi na 10 jioni, saa ileile, kwa sauti, na mtu mwingine akiwepo. Asipokuwa na maneno asome Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaisha gizani, na bado ni sala. Halafu 1 Wafalme 19: Eliya anaomba kufa, malaika hamhubirii, anamwambia ainuke ale. Anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, huko Horebu.

Ushuhuda usubiri, tena mrefu, hata mwaka. Mtu akishapigiwa vigelegele mbele ya kanisa zima, siku akiteleza hawezi kurudi kusema. Anajificha, na akijificha anakunywa zaidi.

Pangeni watu 7, kila mmoja siku yake ya wiki, awe wa kiume kama yeye. Zamu ni kumtembelea au kumpigia na kuuliza matatu: umekula? umelala vipi? leo umepita njia gani? Siku ya malipo ya kibarua, wa zamu aende naye hadi dukani. Na wasikilizaji wajifunze kunyamaza. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane, haisemi tutangaziane.

Mgimbi:
Mkuu, hapo kwenye ulanzi watu wanajidanganya na mtogwa, yaani ulanzi mbichi. "Huu mtamu, hata watoto wanakunywa." Ulanzi unaanza kuchacha tangu uko kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia. Wa asubuhi mtamu, jioni una kilevi. Kwa huyo kijana wote ni mmoja, asionje. Kugema ni asubuhi na jioni, kwa hiyo saa hizo asiwe njia za mianzi. Kama familia ina mianzi yake, agemewe na mtu mwingine na mbeta zisiwekwe ndani. Kulima kwa kusaidiana ambako malipo ni pombe asiende msimu huu, atumwe ndugu.

Na wakati wa baridi ya Juni mtamsikia anataka "kidogo cha kupasha mwili". Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unasikia joto huku mwili unalipoteza.

Tukuyu_Juu:
Shalom. Kwetu tatizo ni unga (heroini). Kuna dada anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ameambiwa na wanamaombi aache kwa imani maana "bado ni dawa ya kulevya". Sahihi?

Nesi_Mafinga:
Asiache. Akikatisha, arosto (mateso ya mwili kukosa unga) inarudi ndani ya siku chache, na akirudia unga kwa kipimo cha zamani wakati mwili umeshausahau, pumzi inakata. Kupunguza dozi ni kazi ya kliniki, taratibu. Akianzishwa dawa za TB aseme anatumia methadoni, maana rifampisini inaipunguza nguvu na atasikia arosto bila kukosa dozi. Hao wanamaombi wasome Isaya 38:21. Hezekia aliomba, Mungu akajibu, na bado nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu.

Mzee_wa_Kanisa_Mbeya:
Niongeze la Meza ya Bwana. Azungumze na mchungaji wakati wa wiki, asisubiri afike madhabahuni. Apokee mkate peke yake. Kwa Wakatoliki hostia inatosha kabisa. Akiwa kwenye disulfiramu, dawa ya kumfanya mtu asiivumilie pombe, hata tone la divai linaweza kumtapisha na kumpiga moyo mbio. Na mtu akimtolea 1 Timotheo 5:23, ile ya divai kidogo kwa ajili ya tumbo, ajibiwe kuwa Timotheo alikuwa na tumbo, hakuwa na gongo.

Mlongo_wa_Kilolo:
Asanteni sana. Kufunga tumefuta, zamu tumeshajaza majina sita. La mwisho: akiteleza, tumsimamishe kwaya?

Mzee_wa_Kanisa_Mbeya:
Kwaya abaki, ndiyo inayomtoa nyumbani Jumatano na Jumamosi. Pesa za kwaya asishike kwa sasa. Akija amelewa, mmoja amrudishe nyumbani bila mahubiri, ahakikishe amelala ubavu. Mazungumzo kesho yake asubuhi, akishakunywa uji. Na hilo jina la saba litafuteni leo, siku isiyo na mtu ndiyo atakayoangukia.