Mzazi mwalimu akistaafu, bima ya watoto inakuwaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, amestaafu mwaka huu wa 2023 akiwa na miaka 60. Mdogo wetu wa mwisho yuko kidato cha pili na ana pumu. Juzi kabanwa usiku, kufika hospitali kadi yake haisomi. Ya baba inasoma, ya mama inasoma. Tukaelezwa kwamba NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hapa Tanzania, humwendeleza mstaafu na mwenza wake bila kuchangia, watoto hawamo. Mzee kakatwa asilimia 3 ya mshahara tangu mfuko uanze 2001, mwajiri naye akiweka 3. Imemuuma mno. Mliopitia haya mlifanyaje?

Binti wa Mwalimu: Pole sana kaka. Kwetu mama naye ni mwalimu, alikuwa bado kazini, kwa hiyo wadogo zetu wakahamia kwake kabla baba hajastaafu. Kazi ilikuwa nafasi: mwanachama anaweka mwenza na wategemezi wanne, na mama alishawaandika wazazi wake wote wawili. Wadogo zetu ni watatu. Babu mwenyewe ndiye aliyesema, "Nitoeni mimi, muwekeni mtoto." Mama alilia. Vyeti vya kuzaliwa vitafuteni mapema, cha mmoja kilituchelewesha sana.

Mstaafu mwenzenu: Mwanangu, mwambie baba hayuko peke yake. Mimi niliwakatia wangu Toto Afya, ile kadi ya NHIF ya watoto, shilingi 50,400 kwa mwaka kila mtoto, hadi Machi mwaka huu usajili wa mmoja mmoja uliposimamishwa tukaambiwa watoto wapitie shuleni. Shule anayosoma wangu hakuna aliyelishika jambo hilo. Sasa nalipa taslimu. Kwenye semina ya kustaafu tulifundishwa kufuga kuku na kutunza kiinua mgongo; kadi za watoto hazikutajwa kabisa. Wanaume wengi tunastaafu na watoto wadogo, hili lilipaswa kuwa la kwanza.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee, asante. Dada, njia yenu kwetu haipo, mama ni mkulima. Kuna yeyote ambaye shule ya serikali imefanikisha kumsajilia mtoto? Nani alianzisha, mwalimu mkuu au wazazi? Naomba utaratibu, pampu ya pumu ya dogo inakaribia kuisha.