Kundi la ukoo wa Mzee Kondo: Jumapili kwa Zawadi, Morogoro

Mama Zawadi: Jamani Jumapili tunakwenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, kumwona mtoto wangu Zawadi. Tuko watu wazima watano na mtoto wa Asha. Mtu asimwambie, nataka ashtukie tu tumefika. Mambo ya treni nani anayajua?

Mjomba Sele: Dada, kateni tiketi leo mtandaoni, kwenda na kurudi. Ya kurudi Jumapili jioni ndiyo inayowahi kujaa. Kila mtu mzima awe na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Treni ya umeme, ile ya kawaida, Dar–Moro 13,000, ya haraka imezidi hapo. Mtoto wa Asha hajafika miaka 4, hakatiwi.

Mjomba Sele: Stesheni fikeni saa nzima kabla. Mizigo inakaguliwa, na ile treni haimngoji mtu.

Neema: Shikamoo mama mkubwa. Kumshtukiza wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hapana 🙏 Mtafika yuko discussion, simu kaizima, nyie mko getini na mahotpot. Muulize ratiba. Na msiende saa 2 asubuhi, Jumamosi usiku watu wanapiga msuli, wanasoma mpaka alfajiri.

Zawadi: Mama mimi nimo humu kundini 😂😂

Mama Zawadi: Mungu wangu.

Zawadi: Shikamooni wote. Njooni tu. Paper ya kwanza Jumatatu saa 8 mchana. Niko huru saa 5 mpaka saa 8.

Neema: Saa tatu zinatosha sana. Mkizidisha, anaanza kuchungulia saa na nyie hamsikii tena utamu. Halafu habari za GPA (wastani wa alama) na sapu (mitihani ya kurudia) msimuulize mbele ya roommates.

Baba Mdogo: Kwa hiyo tuulize nini sasa 🤔

Neema: Muulizeni anakula nini siku ya paper, baba mdogo. Hapo mtajua mengi.

Shangazi Mwanahawa: Wifi, chakula nisikilize mimi. Pilau usipike usiku ukaifungia kwenye hotpot. Inakaa vuguvugu mpaka asubuhi, na vuguvugu ndilo linalochachusha. Pika alfajiri ya Jumapili. Hotpot isuuze kwa maji yanayochemka kwanza, ijaze mpaka juu, ukiacha nafasi inapoa haraka. Viazi usitie, ndivyo vinavyowahi kuharibika. Nazi pia hapana.

Shangazi Mwanahawa: Kachumbari mkatie hukohuko. Ukiitia chumvi Dar, mnafika na maji matupu. Zawadi aje na kisu na bakuli.

Mama Zawadi: Na cha kubaki nacho wiki nzima?

Shangazi Mwanahawa: Dagaa. Wachambue vichwa, osha maji ya moto mara mbili, anika jua mpaka wakauke kabisa. Kaanga kwenye mafuta mengi kidogokidogo. Ukiwarundika kwenye karai wanalainika badala ya kukauka. Epua wakilia kachakacha, chuja mafuta, acha wapoe saa nzima. Ndipo utie chumvi na pilipili ya unga, chupa iwe kavu. Kitunguu na nyanya usiguse, hivyo vina maji.

Shangazi Mwanahawa: Chapati ni za siku mbili tu. Kilo 2 za ngano zitakupa kama 22. Zitandaze kwenye ungo moja moja zipoe. Wengi wanazipanga zikiwa moto, mvuke unarudi ndani, kesho yake zinanata na keshokutwa ukungu.

Zawadi: Chumbani tuko wanne, shangazi. Za siku moja hizo 😅

Asha: Nimwongezee jiko dogo la umeme awe anapasha?

Neema: Usithubutu. Hosteli hawaruhusu, wakilikuta linachukuliwa. Mpe hela ya bando na ya kutolea kopi, atakushukuru zaidi.

Mjomba Sele: Stesheni ya Moro iko Kihonda, SUA iko upande wa pili wa mji, chini ya Uluguru. Bajaji inabeba watatu, kwa hiyo chukueni mbili, na bei mpatane kabla hamjapanda.

Zawadi: Chumbani wageni hawaingii. Njooni na mkeka, tutakaa chini ya miti. Na mwavuli, mvua ya huku haipigi hodi.

Mama Zawadi: Sawa. Wifi, ile ndoo yako ya lita 10 naomba kwa ajili ya chapati.

Shangazi Mwanahawa: Chukua. Zawadi, irudi Jumapili hiyohiyo. Na mfuniko wake.