Stevenson wa Cuba angeenda ngumi za kulipwa angetoboa? Mimi nasema mkanda angebeba

Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi ulianza juzi kijiweni kwetu mpaka watu wakanuniana, nauleta huku tuumalize. Jamaa yangu mmoja, mpenzi wa ngumi kweli kweli, anasema Teófilo Stevenson aliyechukua dhahabu tatu za Olimpiki uzito wa juu, Munich 1972, Montreal 1976 na Moscow 1980, alikuwa anaonea watoto tu, angeingia ngumi za kulipwa wangempasua mapema, maana mtu aliyezoea raundi tatu atawezaje kumi na tano. Nakataa, na sababu ninazo.

Kwanza tusimsingizie uoga. Cuba ilifuta michezo ya kulipwa mwaka 1962, kwa hiyo bondia wa kule akitaka kulipwa ilikuwa lazima atoroke, aache mama, aache mtaa, asirudi tena. Mapromota wa Marekani walimfuata na mamilioni ili azichape na Muhammad Ali, akawajibu kwamba hizo hela si kitu mbele ya mapenzi ya Wacuba milioni nane. Siasa za Fidel Castro unaweza kuzipenda au usizipende, ila mtu anayekataa mamilioni akiwa kijana wa ishirini na kitu mimi namvulia kofia, na siwezi kukaa kimya mtu akimwita mwoga.

Haya tuje ulingoni. Angalia Montreal 1976 peke yake. Nusu fainali Stevenson alikutana na John Tate wa Marekani, akamlaza raundi ya kwanza tu kwa ule mkono wake wa kulia. Tate huyo huyo akaenda kulipwa, na Oktoba 1979 kule Pretoria akampiga Gerrie Coetzee raundi zote 15 akawa bingwa wa dunia wa WBA, moja ya vyama vinavyotoa mikanda ya dunia. Olimpiki hiyo hiyo Leon Spinks alipata dhahabu ya uzito wa chini yake, na Februari 1978, likiwa pambano lake la nane tu la kulipwa, akamvua Ali mkanda. La nane! Sasa niambieni, wawili wa darasa moja wanakuwa mabingwa wa dunia ndani ya miaka mitatu na ushee, halafu aliyekuwa anaogopwa kuliko wote ndio angeshindwa? Na hao wakubwa wenyewe, Ali, Frazier na Foreman, wote walianzia kwenye dhahabu ya Olimpiki, 1960, 1964 na 1968, hakuna aliyeshuka kutoka mbinguni.

Najua mtaniletea habari ya Duane Bobick, na hapo kusema ukweli hoja yenu ina uzito. Stevenson alimpiga Bobick Munich tukashangilia sana, kumbe Bobick alivyokwenda kulipwa Ken Norton alimmaliza ndani ya sekunde 58 mwaka 1977. Tena huyo Bobick kwenye mchujo wa Marekani wa 1972 alimshinda Larry Holmes, Holmes aliondolewa na refa kwa kukumbatia kumbatia, halafu Holmes ndio akaja kukaa na mkanda wa dunia, si huu wa WBA, kuanzia 1978 mpaka 1985. Kwa hiyo kusema fulani alimpiga fulani kwenye ridhaa basi yeye ndio mkali zaidi haitoshi, nakubali.

Ila hofu yangu mimi kwa Stevenson haipo kwenye raundi 15. Pumzi inajengwa, ndio maana Foreman alipikwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya kupewa nafasi ya mkanda Januari 1973. Hofu yangu ni yule Mrusi, Igor Vysotsky, aliyemshinda mara mbili, 1973 na 1976, na ile ya pili kwa KO. Vysotsky alikuwa hampi nafasi, anamwingia ndani muda wote, na Stevenson alikuwa anahitaji nafasi ili ule mkono wa kulia utoke vizuri. Akikutana na Frazier wa miaka ile au Foreman wa 1973 naona angeumia. Na Ali wa 1976 hata kama miguu ilishachoka alikuwa na akili za kumpeleka raundi ya 12 na 13, sehemu ambayo Stevenson hajawahi kufika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, angeondoka baada ya Munich akapikwa taratibu, mwaka 1979 na 1980 mkanda wa WBA ungekuwa wake. Mkanda ule ulikuwa na Tate, ambaye tayari alishalazwa, kisha Machi 1980 Mike Weaver akamwangusha Tate raundi ya 15 imebaki chini ya dakika moja. Hao ni watu wa kupigika kabisa. Holmes hapana, ule mkono wa kushoto wa Holmes ungempima usiku mzima na angeshindwa kwa pointi.

Naona mmoja ameshaleta mfano wa Philip Waruinge wa Kenya, kwamba Mexico 1968 alipewa tuzo ya bondia bora wa mashindano na alipokwenda kupigana Japani ubingwa wa dunia hakuupata. Kweli kabisa mkuu, na inaniuma mpaka leo. Lakini Waruinge alianza kulipwa baada ya Munich, miaka mingi ya ridhaa ikiwa imeshapita mwilini, wakati Stevenson pale Munich alikuwa na miaka 20.

Sasa anayesema angepasuliwa aje na jina, nani wa mwaka 1979 ukimtoa Holmes?