MJADALA: Muvi za kipuuzi za kurudi enzi za kale, zizuiwe au tuziache watu wacheke?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Mwaka 2011 mamlaka ya redio, filamu na televisheni ya China ilizikosoa hadharani tamthilia za watu kusafiri kwenye wakati. Hoja yao ilikuwa kwamba zinachezea historia na hazina fikra za maana. Hazikukoma: Bu Bu Jing Xin, ya binti wa leo anayejikuta kwenye kasri la enzi ya Qing, ilirushwa mwaka huohuo. Lakini hoja yenyewe bado iko hai. Hata hapa kwetu kijana akikutwa anaangalia muvi ya Kichina haachi kuulizwa, "Hizo takataka zinakufundisha nini?"

Mimi natetea takataka. Mfano wangu ni A Chinese Odyssey ya 1995, sehemu zote mbili, Kikantoni cha Hong Kong, mwongozaji Jeffrey Lau, steringi Stephen Chow.

Kwa asiyeiona: jamaa ni mkuu wa genge la majambazi jangwani, hajui kwamba miaka 500 nyuma alikuwa Mfalme Nyani, yule wa hadithi ya kale ya Kichina, Safari ya Magharibi. Utani wake ni wa chini kabisa. Kuna mahali moto unamshika suruali, palepale mnapopafikiria, na vijana wake wanauzima kwa kumkanyaga kwa miguu. Wanakanyaga kweli, tena hawana haraka.

Halafu kuna kisanduku. Unakikinga kwenye mwanga wa mwezi, unatamka maneno ya uchawi, kinakurudisha nyuma kidogo. Mpenzi wake anajiua akidhani amesalitiwa. Jamaa anarudi, kachelewa. Anarudi tena, anakimbia akihema, kachelewa tena. Wewe unacheka, maana anavyokimbia ni vituko. Mwisho kisanduku kinamtupa miaka 500 nyuma, na hapo ndipo unajishtukia: kumbe muda wote ulikuwa unamcheka mtu anayeshindwa kumwokoa mpenzi wake. Muvi ya heshima ingekuonyesha kifo kile mara moja, taratibu, na muziki wa huzuni. Nauliza, ipi imekushika zaidi?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umeokota lulu jalalani halafu unatuambia jalala lote ni duka la sonara. Chukua God of Gamblers III ya Wong Jing, 1991. Steringi ni Stephen Chow huyohuyo, safari hii anatupwa Shanghai ya 1937. Mwaka 1937, wakuu! Ndio mwaka Wajapani walipoushambulia mji ule, na wao wako mezani wanacheza kamari. Gong Li kapewa kuigiza mapacha, mmoja akili yake ni ya kitoto, na sisi tunatakiwa tucheke. Mwaka uleule Gong Li yuko kwenye Raise the Red Lantern ya Zhang Yimou, iliyopata tuzo ya Simba wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Venice. Msiniambie hizo mbili ni ndugu. Sisemi serikali ipige marufuku, ila aibu ingekuwepo kidogo.

Mchangiaji wa 2:
Nyinyi mnasoma sana. Sisi huku Nairobi hizo sinema tumeziona na DJ Afro, yule anayezisimulia upya kwa sauti yake, na hadithi akiishika yeye inakuwa yake. Kama ni 1937 au jana, nani alijua? Tulijua steringi hafi. Basi.

Mchangiaji wa 3:
Nimekaa Guangzhou kwa biashara ya vipuri, niseme nilichokiona. Mzee mwenye nyumba niliyopanga alikuwa akiangalia Stephen Chow kila Jumapili, na alikuwa anacheka kabla sentensi haijaisha. Nikamwomba anieleze. Alijaribu neno moja kwa sauti ya kupanda, akalirudia kwa sauti ya kushuka, akaniangalia, akakata tamaa, akanimiminia chai. Kikantoni ukibadili mpando wa sauti umebadili maana, na utani mwingi umelala humo. Wenyewe wanauita mo lei tau, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kwa hiyo anayeusoma kwa maandishi ya chini ya skrini akaona upuuzi mtupu, sishangai. Kilichomfikia ni makapi.

Mleta mada:
Mchangiaji wa 3, hapo nakupinga kidogo kwa heshima. Hong Kong yenyewe haikuichangamkia sana A Chinese Odyssey ilipotoka. Walioipandisha ni wanafunzi wa vyuo vya China bara, kwa CD za magendo, tena wengi wakisikia Kimandarini kwa sauti ya Shi Banyu wa Taiwan. Kwao sauti ile ndiyo Stephen Chow. Kwa hiyo wa Nairobi na DJ wake wala hajapotea njia. Na 2014 muvi ileile ikarudishwa kwenye kumbi za sinema za China.

Mchangiaji wa 1, kuhusu mapacha nimekubali, hata mimi pale nilitazama pembeni. Ila angalia hili. Kuna maneno ambayo steringi anamwambia Zixia, binti anayekutana naye huko miaka 500 nyuma, upanga ukiwa shingoni: kwamba aliwahi kupewa penzi la kweli asilithamini, na likiwekewa muda basi liwe miaka elfu kumi. Ni uongo mtupu, anaokoa shingo, tunacheka. Baadaye anayarudia maneno yaleyale anapokubali kuvaa pete ya dhahabu kichwani, ile inayomrudisha kuwa Mfalme Nyani na kumfungia mapenzi. Safari hii anamaanisha. Ungeondoa ule utani wa kwanza, maneno ya pili yangekuwa kadi ya harusi tu.

Mchangiaji wa 1:
Nimeitafuta, nimeimaliza jana usiku. Suruali kuungua nimeona ujinga, na bado naona ujinga. Ila pale mwisho, wapenzi wawili wako juu ya ukuta wa mji, steringi anaondoka zake, unamwona mgongo tu, mmoja anasema yule mtu ni wa ajabu, mwenzake anajibu, "Kama mbwa." Nilirudisha nyuma mara mbili.

God of Gamblers III msimamo wangu uko palepale.